Kisanduku cha Matarajio

Fomu imekuja kutoka wilayani na meli ya Jumanne,
imelowa pembeni, inanuka dizeli na vitunguu.
Mkuu wa kijiji ameisoma hadi nusu, kisha akanisukumia:
“Peni, wewe ndiye uliyesoma. Jaza.”

*Idadi ya wakazi.*
Hapo tu kalamu imegoma.
Nimhesabu kaka yangu Laga,
mwaka wa saba huu yuko Sabah anaangusha mikungu ya michikichi,
mtu ambaye tunaye Jumapili tu, tena sauti,
na sauti yenyewe hadi upande kilima
ukasimame juu ya kaburi la Bibi Tuto,
maana hapo ndipo mnara wa ng’ambo hututupia jicho?
Wake wa kijiji hiki wote wamegombana na waume zao pale,
wamelia pale, wamedai ada pale.
Bibi Tuto anajua yote. Bahati yetu, hasemi.

“Mhesabu,” anasema Mama bila kuinua kichwa.
“Mchango wa paa la kanisa tumemtoza.
Asiye wetu hatozwi.”

Anachota mahindi chunguni, yangali moto,
kwa vidole vitupu, punje mbili, punje tatu,
anaziweka juu ya jiwe,
paa! jiwe la pili linashuka,
vidole vimeshatoka, sijui saa ngapi,
na punje imekuwa bapa kama sarafu kuukuu.
Miaka arubaini ya moto huo.
Walipokuja kuandikisha vitambulisho
mashine ilimgusa kidole mara tano,
mara tano ikasema hakuna mtu.
Mama akaipa bakuli la mahindi yule kijana wa mashine—
nakosea, akampa yule kijana—
akamwambia, “Kula. Hayupo ndiye aliyeyaponda.”

*Shughuli kuu za uchumi.*
Mbata. Korosho. Nguo za kufuma. Kusubiri.
“Kusubiri” nimelifuta, karatasi ikatoboka.

Boli je, nimwandike wapi?
Amerudi na mgongo mbovu na mashine ya kuchomelea.
Jenereta la kijiji huamka saa kumi na mbili jioni,
saa nne usiku limelala,
basi kazi yake yote ni ya saa nne hizo.
Anachomelea nondo za madirisha
ya nyumba ambazo wenyewe wako Malaysia,
nyumba zenye vigae vya waridi barazani
na mbuzi waliojilalia juu yake, matumbo baridi, raha mustarehe.
Cheche zikiruka, watoto huja kutazama
kwa viganja usoni, vidole vimeachana kidogo.

Wako kumi na mmoja shuleni.
Mwalimu Sefrianus aliwauliza watakuwa nani wakikua.
Tisa walijibu, “Malaysia,”
kama mtu asemavyo fundi, au daktari.
Mmoja alikuwa amelala.
Ose, binti wa mwisho wa Boli, akasema:
“Mimi nitakuwa mwenye ufunguo wa jenereta.”
Kwa nini?
“Lizimike nikitaka mimi.”
Wenzake walicheka. Mwalimu naye alicheka,
kisha, aliniambia, usiku ule hakupata usingizi.

*Matarajio ya kijiji.*
Kisanduku chenyewe ni kipana kama kiberiti.
Nimeandika “barabara”, nimeandika “bei nzuri”,
maneno ambayo wilayani wanayajua tayari,
wanayo mengi, hawataki mengine.
Nikawa natafuta jinsi ya kumwingiza Ose mle ndani,
yeye na ufunguo wake, kwa mistari mitatu,
jenereta likakohoa,
likakohoa tena,
saa nne.

Giza. Meli inaondoka Alhamisi.
Sioni karatasi, sioni mkono wangu.
Jikoni, paa. Halafu paa.
Yeye hajawahi kuhitaji taa kwa kazi ile.

Laga nimemwandika.
Kwa penseli.